Kabichi Si Klasi: Mjadala wa Malindi

Kijana anayesomea kompyuta katika vyuo vyetu hufika mwaka wa pili akakutana na somo ambalo waliomtangulia wamekwisha kumtishia nalo: uhandisi wa programu unaojengwa juu ya vitu. Ni ule unaoigawa programu katika vitu vidogo vidogo, kila kimoja na taarifa zake na kazi zake, vyote vikitumiana ujumbe. Akifaulu, hutoka anajua kuchora visanduku na mishale. Akifeli, hulirudia. Lakini afaulu au afeli, ukimwuliza somo lilikuwa la nini, mara nyingi atakusomea daftari.

Naamini kosa si la kijana wala si la somo. Liko pale tunapoanzia kulifundisha. Ili hoja hii isielee hewani nimeupeleka mjadala Malindi, na sisemi mji wa pwani ya Kenya. Nasema kata ya wilaya ya Lushoto, juu kwenye milima ya Usambara, ukishapita Magamba. Huko watu wanalima kabichi, karoti, viazi na hoho kwenye miteremko, na mzigo unashuka kwa kenta na fuso kupitia Soni hadi Mombo, ukashike barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam. Sauti ni tatu. Mwanafunzi yuko likizo. Kaka ni binamu yake, mtoto wa shangazi, anaandika programu Dar es Salaam na amekuja kumwona mama yake. Shangazi analima, na pia ni dalali wa mboga za majirani. Nimewatunga wote watatu, wanachobishania sikukitunga.

Mwanafunzi: Kaka, mhula mzima tumefundishwa mnyama. Chini ya mnyama kuna mbwa na paka. Ukimwambia mbwa alie anabweka, ukimwambia paka alie anasema nyau. Tukatoka kwa mnyama tukaenda kwa umbo: duara, mraba, pembetatu. Mtihani tukaandika Java kwa kalamu, ukisahau nukta-mkato alama inaondoka. Nimepata B. Leo nimefungua laptopu nimwandikie shangazi programu ya kutunza hesabu zake, na mnyama hajanisaidia hata mstari wa kwanza.

Kaka: Mdogo wangu, mnyama alikuwa anakufundisha jambo moja tu: kwamba ombi lile lile kila mmoja anaweza kulijibu kwa namna yake, na anayeomba hana haja ya kujua mambo ya ndani. Ulipotaka kulipa ada ulipewa nini?

Mwanafunzi: Kontrol namba.

Kaka: Ukalipia kwa simu. Mwenzako akalipia benki, mwingine kwa mtandao mwingine wa simu. Mfumo wa malipo ya serikali, ule wa GePG ulioanza 2017, unazungumza na wote kwa ujumbe wa aina moja: namba hii inadaiwa kiasi gani, na sasa imelipwa. Benki ina taratibu zake ndani, M-Pesa ina zake. Kesho ikija kampuni mpya ya simu, chuo chenu hakibadilishi chochote. Huyo ndiye mbwa na paka.

Mwanafunzi: Basi kwa nini hawakutufundisha hiyo?

Kaka hakulijibu swali moja kwa moja. Alikwenda kwanza Oslo, na nimemwachia aende kwa sababu safari hiyo ina faida.

Kaka: Somo hili halikuanza na wanyama. Lilianzia Norwei miaka ya 1960, kwa watu wawili, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard. Walitaka kuiga ndani ya kompyuta kazi zenye foleni na kusubiriana. Mfano mmoja waliouchambua ulikuwa daraja lenye kituo cha kulipia ushuru. Malori na mabasi na magari madogo yako foleni moja. Kila aina ina mambo yake, ila kwa habari ya kukaa foleni yote ni sawa. Wakatafuta namna ya kuandika lile la pamoja mara moja, tofauti zije juu yake. Hapo ndipo ilipotoka Simula 67, lugha ya kwanza yenye klasi, yaani ramani ya vitu vya aina moja, na urithi, yaani klasi kuchukua ya klasi nyingine na kuongeza yake. Tuzo ya Turing ya 2001 walipewa wao, na mwaka uliofuata wakafariki wote wawili.

Mwanafunzi: Daraja la ushuru! Si ndilo geti la ushuru wa mazao hilo, fuso na kenta zimepanga mstari?

Kaka: Ndilo. Walikuwa na tatizo mkononi, klasi ikaja baadaye.

Mwanafunzi: Sisi tulipewa klasi, tatizo bado tunalingoja. Na kaka, hata hiyo klasi yenyewe wenye lugha mpya wanaikimbia. Go ya Google, ile ya 2009, haina urithi. Rust haina. React tangu 2019 watu wanaiandika kwa fanksheni, klasi wameziacha. Kama wakubwa wanahama, kwa nini sisi tunaingizwa?

Hoja hii ni nzito kuliko anavyoidhani mwenyewe, na mwalimu anayeipuuza anawadhulumu wanafunzi wake. Kaka hakuipuuza.

Kaka: Kwa urithi, nakubali, ulitumika mno. Java yenyewe ina kovu. Ndani ya maktaba yake ya tangu mwanzo kuna klasi iitwayo Stack, ya kupanga vitu ili cha mwisho kuingia kiwe cha kwanza kutoka. Walioiandika waliirithisha kutoka klasi nyingine, Vector, inayoruhusu kuchomoa kitu popote. Matokeo yake Stack nayo inakuruhusu kuchomoa katikati, jambo ambalo Stack ipo ili kulikataza. Kosa liko hapo mpaka leo, kwa sababu ukiliondoa, programu za watu zitakwama. Kitabu cha miundo ya programu cha 1994, kile cha Gamma, Helm, Johnson na Vlissides, kilishawaonya watu: kabla hujarithisha, jaribu kuunganisha kitu na kitu. Barbara Liskov, aliyepata Tuzo ya Turing ya 2008, alikuwa ameshaweka sharti: mtoto asimame mahali pa mzazi bila kumshangaza aliyemzoea mzazi. Stack inafeli sharti hilo.

Mwanafunzi: Basi umeniachia nini?

Kaka: Nimekuachia ukuta. Mwaka 1972 David Parnas aliandika kwamba programu isigawanywe kwa kufuata hatua za kazi, kwanza hiki, kisha kile. Igawanywe kwa kuangalia maamuzi yanayoweza kubadilika, na kila uamuzi ufichwe nyuma ya ukuta wake. Go haina urithi, lakini ukuta inao, na njia ya kusema kitu fulani kinajibu maombi gani inayo. Alan Kay, aliyeongoza kuiunda Smalltalk kule Xerox miaka ya 1970, alikuja kusikitika kwamba watu waling'ang'ania vitu wakausahau ujumbe unaopita kati yake. Anayeficha vizuri na kuuliza vizuri amelielewa somo, hata kama maisha yake yote hakuandika neno klasi.

Mwanafunzi: Na anayeandika tu ikafanya kazi, akauza, akaenda zake?

Hapa naingia mimi, maana nchi yetu ina kisa ambacho sijui kwa nini hatuwasimulii wanafunzi siku ya kwanza. Kompyuta ya kwanza Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za serikali zikahamishiwa humo, na zikavurugika kiasi cha kurudi kwenye utaratibu wa zamani. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo ilichukua miaka mingi kulegezwa. Sidai kwamba klasi zingeiokoa Hazina. Mwaka 1968 wataalamu walikuwa wamekutana Garmisch, Ujerumani, wakikiri kwamba mifumo mikubwa inawashinda hata wao, na ndipo jina la uhandisi wa programu lilipoanza kushika. Ninachosema ni kwamba mfumo ulioandikwa ukafanya kazi siku ya kwanza, kisha usiweze kuifuata kazi ya watu inavyobadilika, gharama yake hailipwi na aliyeuandika. Hulipwa na karani na mstaafu anayesubiri malipo, na mara nyingine na kizazi kizima cha vijana waliokua bila kuiona kompyuta. Mwanafunzi anayeuliza kwa nini asiandike tu anastahili kujibiwa kwa kisa hiki.

Turudi kibarazani kwa Shangazi, maana amechoka kusikiliza.

Shangazi: Nyie mnataja Wazungu tu. Hebu nionyesheni hiyo biashara yangu ilivyokaa humo.

Mwanafunzi: Huku juu kuna Mboga, shangazi. Chini yake Kabichi, Karoti, Hoho na Kiazi. Kila moja ina bei na uzito wake. Upande huu kuna Mtu, na chini yake Mkulima, Dalali, Mnunuzi na Dereva.

Shangazi: Mimi ni yupi hapo?

Mwanafunzi: Wewe Dalali.

Shangazi: Na shamba langu la bondeni nani analilima? Mzigo wa juzi ulikuwa na karoti zangu na za jirani, tumepakia pamoja. Mbegu za viazi nilinunua kwa mtu yule yule ninayemuuzia. Utanigawa visanduku vingapi, mwanangu?

Kaka: Mama ameuliza swali lililowasumbua watu wa Eldoret. Kuna mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa unaitwa OpenMRS. Ulianza kujengwa 2004, ukisukumwa na kliniki za VVU za magharibi ya Kenya, na 2006 ukaanza kutumika Eldoret. Sasa uko nchi nyingi. Ni Java, na ni programu huria, unaweza kuisoma yote usiku wa leo. Ndani yake Mgonjwa anarithi Mtu. Mtumiaji wa mfumo, yaani nesi au daktari, hapo awali naye alirithi Mtu. Sasa nesi akiugua? Ni mtu yule yule, ana faili na ana neno la siri. Wakaibadili: mtumiaji harithi tena Mtu, ila ana Mtu. Na wewe, mama, udalali ni kazi uliyoishika. Hukuzaliwa nao. Leo umeushika, kesho unaweza kuuacha, jembe likabaki.

Shangazi: Haya. Na hiyo bei mliyoitia ndani ya kabichi, nani kaiweka?

Mwanafunzi: Si kila kabichi lina bei yake?

Shangazi: Kabichi halina bei. Bei ni ya siku na ya mahali. Shambani ina bei yake, Dar ina nyingine, mvua ikikata barabara inakuwa nyingine kabisa. Na uzito wa nini? Kabichi nahesabu kichwa kimoja kimoja. Karoti zinaoshwa ndipo zinaingia kwenye gunia. Nyanya ni tenga. Tena gunia lenyewe, mtu anakuja na lumbesa, limeshonewa kilemba juu. Ukiandika gunia kumi unadhani ni kumi?

Maneno hayo ya mwisho nataka wanafunzi wayasome tena. Lumbesa imekatazwa kisheria, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakiipigia kelele, lakini bado inapita kwa sababu biashara inafungwa kwa idadi ya magunia wakati faida inatokana na kilichomo ndani. Programu inayoandika "magunia 10" na kuishia hapo imeshachukua upande wa mnunuzi. Aliyeiandika hakukusudia ubaya. Alichukua neno la sokoni akalifanya tarakimu, bila kuuliza lina nini ndani. Kipimo kilistahili kuwa kitu kinachojitegemea, kinachojua kilo zake na kinachoweza kukataa. Katika kurasa zote za michoro ya UML, ile ya visanduku na mishale, ambazo kijana wetu alijibia mtihani, hakuna mahali alipoulizwa mchoro wake unamnyima nani haki.

Mwanafunzi: Sasa shangazi, kwako wewe kabichi na karoti zinatofautiana nini?

Shangazi: Kwa biashara? Jina. Na zinavyopimwa. Na zinakaa siku ngapi kabla hazijaoza.

Kaka: Umesikia? Hizo zote ni taarifa. Hazihitaji klasi nne, zinahitaji mistari minne ndani ya jedwali moja. Msimu ujao shangazi yako akianza kuuza njegere, aandike mstari wa tano mwenyewe, asikupigie simu chuoni. Tazama zahanati ya hapa: inapofunga mwezi inajaza fomu za takwimu za afya, za MTUHA, na takwimu hizo zinaishia kwenye mfumo wa DHIS2. Mradi uliouzaa ulianzia Afrika Kusini 1994, ukalelewa Chuo Kikuu cha Oslo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki kuuendeleza na kuusambaza hapa kwetu. DHIS2 nayo ni Java. Tafuta humo ndani klasi ya Malaria, hutaiona. Klasi ya Kuhara haimo. Kuna klasi ya kipengele cha takwimu, na malaria ni kipengele kimoja. Ofisa wa wizara anaongeza kingine bila kumwita mtu kama mimi. Zahanati, wilaya na mkoa navyo havina klasi tatu. Ni klasi moja ya kitengo, kila kitengo kina mzazi na kina watoto. Wilaya ikigawanyika, kama Bumbuli ilipopata halmashauri yake kutoka Lushoto, mfumo wa namna hiyo hauandikwi upya. Unahamisha vitengo kwa mzazi mpya, basi.

Mwanafunzi: Kaka, kila nikifuta klasi nabaki na kidogo. Mboga zimekwisha, watu wamekwisha. Ni nini basi kinachostahili?

Kaka: Usiniulize mimi. Muulize mwenye kazi: ni wapi jambo lile lile linafanywa kwa namna tofauti?

Mwanafunzi: Shangazi, mzigo ukishaondoka, pesa inakuja vipi?

Shangazi: Inategemea tulivyoelewana. Kuna wa taslimu: anahesabu, analipa, anapakia, likioza njiani ni lake. Kuna anayenunua shamba zima likiwa bado ardhini. Huyo wavunaji anawalipa mwenyewe, na baridi ikiharibu ni shauri yake. Halafu kuna mali kauli. Hapo unampa mzigo kwa mdomo tu, akauze Dar, ndipo akuletee. Bei hamuijui siku ya kupakia. Akipiga simu akasema soko limeshuka, umepungukiwa. Akisema theluthi imeoza, umepungukiwa tena. Na mimi dalali nina changu katika kila moja, ila hakifanani.

Kaka: Sema sasa, mdogo wangu.

Mwanafunzi: Makubaliano. Ombi ni moja: mkulima anadai kiasi gani leo? Taslimu inajibu sifuri papo hapo. Mali kauli inajibu kwamba haijulikani mpaka mauzo yafike. Shamba zima inajibu kwa kuangalia malipo ya mkupuo. Na hasara ya kuoza inaulizwa mle mle.

Kaka: Hao ndio mbwa na paka wako wa kweli. Sasa pima kwa sharti la Liskov. Mahali popote programu inapodhani makubaliano yanarudisha kiasi cha pesa, mali kauli itakuja na jibu la "haijulikani". Je, itamshangaza aliyeuliza?

Mwanafunzi: Itamshangaza. Atajumlisha kitu kisicho tarakimu.

Kaka: Basi ombi lako hujaliandika vizuri. Lirudie.

Hapo ndipo ninaposimama katika mjadala huu. Kurithi, kujibu kwa namna tofauti, sharti la Liskov: kijana alikuwa anayajua yote kwa mtihani. Mboga zilimdanganya kwa sababu zinafanana na wanyama wa ubaoni. Macho yanaona kabichi na karoti, mkono unachora visanduku viwili. Tofauti iliyohitaji programu haionekani kwa macho. Imo katika mapatano ya mdomo kati ya watu wawili, na hakuna namna ya kuifikia isipokuwa kumuuliza anayeishi nayo. Siku hizi mwanafunzi anaweza kuiagiza mashine imwandikie klasi mia kwa dakika, na itamwandikia Mboga na Kabichi kwa ufasaha mkubwa. Mali kauli ya Shangazi haitaigusa mpaka aitaje yeye.

Lakini Kaka hakubaliani nami moja kwa moja, na hoja yake lazima isikike.

Mwanafunzi: Basi somo lianzie huku, kwa shangazi. Mnyama afutwe.

Kaka: Polepole. Darasa lenu mko wangapi? Ukumbi unajaa, wengine mnasimama mlangoni, na mhadhiri ni mmoja na wasaidizi wachache. Atawapeleka nyote sokoni Lukozi? Na mtu asiyejua kuandika kitanzi cha kurudia ataumudu mkataba wa mali kauli? Mfano mdogo una kazi yake: unakupa kitu kimoja kwa wakati mmoja. Na mtihani wa kalamu, wenzako wangapi wana laptopu yao wenyewe? Nusu ya darasa inasubiri bumu la mkopo ndipo inunue ya mtumba. Karatasi inawaweka sawa.

Mwanafunzi: Sikatai mfano mdogo. Nakataa mfano usio na mwenyewe. Mnyama hana mtu wa kusema umekosea. Nilivyochora mbwa, ndivyo alivyokuwa; nani angenibishia? Shangazi amenibishia kwa swali moja la "mimi ni yupi", na mchoro wote umeanguka. Mfano uwe mdogo hata mistari kumi, lakini uwe na mtu anayeweza kuukana.

Kwa maoni yangu hapa kijana ameshinda, na ameshinda kwa hoja ambayo Nygaard mwenyewe angeitambua. Baada ya Simula, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtu yule alikwenda kufanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma wa Norwei, ili wafanyakazi wawe na kauli juu ya kompyuta zilizokuwa zinaingia viwandani mwao. Desturi ya kumketisha mtumiaji mezani ilikua Skandinavia kutokana na juhudi za namna hiyo, na ndiyo iliyoulea mradi uliozaa DHIS2. Klasi na mfanyakazi vilitembea pamoja tangu nyumbani kwao. Sisi tuliiagiza klasi, mfanyakazi tukamwacha bandarini.

Na kuhusu wingi wa wanafunzi na uhaba wa laptopu, lipo jibu ambalo halihitaji hata umeme. Mwaka 1989 Kent Beck na Ward Cunningham walieleza namna ya kufundisha fikra hii kwa kadi za karatasi. Kila kadi ni klasi moja: juu jina lake, kushoto majukumu yake, kulia wale inaoshirikiana nao. Wanafunzi wanashika kadi, mmoja anataja tukio, na kila mwenye kadi anasema yeye angefanya nini na angemwomba nani. Kadi isiyoulizwa chochote inatupwa. Kadi inayoombwa kila kitu inagawanywa. Ukumbi wa watu mia mbili unaweza kugawanyika makundi ya watano watano, na kila kundi likapewa sharti la kumleta mtu mmoja mwenye kazi ya kweli: mama lishe wa getini, bodaboda, fundi cherehani, karani wa zahanati. Mtihani nao ubaki wa karatasi kama lazima, lakini uulize: huyu mama amebadilisha namna ya kukopesha, onyesha ni kadi zipi zinaguswa na zipi haziguswi, na kwa nini. Mwanafunzi aliyekariri atabaki na kalamu mdomoni.

Kaka alikata boksi la sabuni vipande. Mzigo akaushika Mwanafunzi, Mauzo akayashika Kaka, na Makubaliano akapewa Shangazi.

Kaka: Tukio: kenta limefika Dar na karoti za mali kauli. Soko limeshuka. Mimi Mauzo nimepata bei. Nampelekea nani?

Shangazi: Mimi. Wewe Mzigo hujui bei, nyamaza.

Mwanafunzi: Na ushuru wa getini, shangazi, nani anaukata?

Shangazi: Kwa taslimu anaulipa mnunuzi. Kwa mali kauli unakatwa kwa mkulima, wanasema ni gharama.

Mwanafunzi: Basi nao unakaa kwako, Makubaliano. Si kwa Mzigo.

Kaka: Hapana. Geti linatoza mzigo, halijui mlivyoelewana. Risiti inabaki kwa Mzigo. Nani ameibeba mwishoni ndiyo kazi ya Makubaliano.

Shangazi: Hapo mwanangu yuko sawa, risiti inakwenda na gari. Lakini mimi nina swali, na hili hamjaligusa. Hii programu itakaa kwenye simu. Kijana wa dukani akiishika, ataona majirani zangu wanaonidai, kila mtu na kiasi chake?

Mwanafunzi: Tunaweka neno la siri.

Shangazi: Neno la siri utampa mpakiaji, maana atahitaji kujua mzigo ni wa nani. Je, na deni analo haja ya kulijua?

Kaka: Hana. Na tangu 2022 kuna sheria ya taarifa binafsi, mama, jambo hilo si la hiari tena.

Mwanafunzi: Basi Deni liwe na kadi yake. Mpakiaji akiliuliza halimpi jina wala kiasi. Dereva vivyo hivyo. Mkulima mwenyewe akiuliza, linamjibu lake tu.

Shangazi: Na mimi?

Mwanafunzi: Wewe unaona yote.

Shangazi: Ya wale niliowauzia mimi. Kuna dalali mwingine huku anatumia kenta hilo hilo, na yeye atataka kuingia. Yake sitaki kuyaona, na yangu asiyaone. Andika hiyo kabla ya zote.